Mwacheni mfiwa akae barazani

Wiki hii nimeletewa tena mtu “mwenye sonona”. Kaka yake ndiye aliyemleta, na PHQ-9, dodoso la dalili za sonona, walikuwa wameshaijaza kwenye simu: alama 14. Nikauliza kumetokea nini. Mama yao amefariki, wiki tano zimepita. Sasa jamani, mlitaka apate alama ngapi?

Dodoso lile lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu na kadhalika. Haliulizi nani amekufa. Ni chujio tu.

Kinachonikera ni kupima kwa ukali wa maumivu, kana kwamba huzuni ikizidi ndipo inapogeuka sonona. Kihoro kinaweza kuuma kuliko sonona. Mimi huangalia kama moyo bado unatembea. Mfiwa hulia, akakumbuka marehemu alivyokuwa akigombania sufuria zake, akacheka, akalia tena. Kwa mwenye sonona, mara nyingi hata kumbukumbu hiyo haimgusi, na anajiona hafai kitu. Akitaja kujiua hatusubiri miadi, aende hospitali siku hiyohiyo.

Dada huyu hukaa barazani kila magharibi, kimya. Kaka humvuta ndani na kumwashia televisheni. Lakini ni pale barazani alipotambua kwamba mama ndiye aliyekuwa akiwaunganisha, akampigia mdogo wake ambaye hawakuzungumza miaka miwili. Televisheni isingempa hilo.

Kwamba huzuni inaweza kunoa akili, kuna utafiti: mwaka 2009 mwanasaikolojia Joseph Forgas na wenzake walichapisha jaribio la dukani, Sydney: siku za mvua, wateja wakiwa wanyonge kidogo, walikumbuka vitu vingi zaidi vilivyopangwa kaunta kuliko wateja wa siku za jua. Naupenda utafiti huo, ila unyonge wa mvua si msiba, na siwezi kuubebesha zaidi ya hapo.

Na kuna jambo linaninyima usingizi. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, mwaka 2013 uliondoa kile kipengele kilichomkinga mfiwa wa karibuni asipewe jina la sonona. Nilipinga sana. Kisha nikamwacha mteja mmoja “aomboleze kwanza”, nikachelewa kuona sonona iliyokuwa imejificha ndani ya msiba wake. Tangu hapo siwaachi wafiwa waende zao tu.

Dada huyu atarudi baada ya wiki mbili. Kaka nimemwomba asimwondoe barazani. Akitaka, akakae naye.