Hapana, Sowerby hakuipaka rangi karatasi yako

Juzi nimeulizwa tena kuhusu picha ya zamani ya mmea, iliyochapwa kisha ikatiwa rangi: "Hii imepakwa rangi kwa mkono, kwa hiyo ni kazi ya mchoraji mwenyewe, sivyo?" Sivyo! Nimelijibu swali hili mpaka ulimi umeota sugu, kwa hiyo leo naliandika, anayeuliza nimpe asome, mimi niendelee na kazi.

Chukua maua-mwitu ya Uingereza ya James Sowerby. Kitabu chake, English Botany, kilitoka kati ya 1790 na 1814, kina picha 2,592. Tuseme kila bamba, yaani kipande cha shaba kilichochongwa picha ya kuchapia, lilipigwa chapa mara 100 tu. Hizo ni karatasi 259,200. Angepaka mwenyewe, zingekuwa karibu 30 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, kwa miaka 24, na bado achore mapya. Mtu gani huyo? Kazi ilifanywa na wapakaji wa kulipwa, kila mmoja na kielelezo mbele yake. Jarida la picha za mimea alilolianzisha William Curtis mwaka 1787 lilipakwa hivyo hadi 1948. "Kwa mkono", basi, hakukwambii ni mkono wa nani.



Kinachonikera hasa ni kwamba hakuna anayeuliza rangi ilipakwa *lini*. Flora Danica, mkusanyo wa picha za mimea ya Denmark uliotoka kuanzia 1761 hadi 1883, iliuzwa yenye rangi na isiyo na rangi. Ile isiyo na rangi ilikuwa na bei ndogo, na bei ndogo ni kishawishi. Mtu anaichukua leo, anakoroga rangi za maji, anapaka, anauza. Nayo imepakwa kwa mkono! Muuzaji hajasema uongo hata neno moja, ndiyo maana sina la kumfanya.

Kwa hiyo mimi huanzia nyuma. Ninayo mezani picha ya mpopi. Mbele jani ni kijani kibichi. Ukiigeuza, kuna kivuli cha hudhurungi chenye umbo la jani lile lile, mpaka meno ya ukingoni. Hiyo ni kijani ya shaba, rangi iliyotengenezwa kwa shaba, inayoila karatasi polepole. Mpakaji wa juzi hawezi kuwa na kivuli kama hicho. Kisha natazama madoa ya uzee kwa lenzi: rangi iko juu ya doa, yaani ilipakwa baadaye, au doa limejitokeza kupitia rangi? Natazama pia kingo, kwa sababu gundi inayozuia karatasi isinywe rangi huwa imechoka kwenye karatasi kuukuu, na rangi mpya mara nyingi hunywewa na kutambaa kwenye nyuzi kama wino kwenye shashi.

Lakini msishangilie mapema. Wapakaji wengi walipata kijani kwa kuchanganya buluu na njano, na mchanganyiko huo hauachi kivuli chochote nyuma. Kukosekana kwake hakuthibitishi kitu. Na picha iliyopakwa miaka 40 baada ya kuchapwa, kwa rangi zile zile na kwa mkono mzuri? Hapo mara nyingi sina njia ya kujua. Nimewahi kuapa kwamba rangi fulani ni ya kale, kisha taa ya urujuanimno ikanionyesha nyeupe ya karne ya 20 katikati ya ua. Nilinyamaza siku nzima.

Huyu mpopi nimemwandikia: "Rangi, pengine ya wakati wake." Majani nayaamini, petali nyekundu bado. Mwenye picha ameniomba niliondoe neno "pengine". Nimekataa.