Viti vya harusi na pikapu inayobeba upepo

Kazi yangu ni kupiga hesabu za moshi na taka za biashara ndogondogo hapa Malindi, na kila nikikaa na watu naulizwa, si kukodisha ndo kulinda mazingira? Manake badala ya kila nyumba kununua viti vyake ananunua mmoja, mtaa mzima unatumia. Zamani nilikuwa najibu ndiyo hata sijafikiri. Sikuhizi nauliza kwanza, hivyo vitu vinamfikia mteja vipi?

Shangazi yangu anakodisha vitu vya harusi, tenti, viti, masufuria ya pilau, masinia. Yale masinia ya alumini mengine yananizidi umri, yamebonyea, yamekwaruzika, na bado watu watano wanazunguka moja wanakula biriani. Hapo sina neno kabisa. Sinia halifi, na likija kufa kweli alumini inayeyushwa tena. Weka kando ya zile sahani za kutupa ambazo shughuli ikiisha upepo unazipeperusha baharini (plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa ufukweni na kwenye hifadhi zetu tangu Juni 2020, lakini pita pale Jumatatu asubuhi ujionee).

Balaa liko kwa viti. Kiti kimoja ni kama kilo mbili na nusu za plastiki, na kutengeneza kilo moja ya plastiki ile kunatoa karibu kilo mbili za hewa ukaa, kwa hivyo viti 100 ni kama kilo 500. Mimi nikazigawanya zile 500 kwa harusi zote za miaka mitano, kila harusi ikaangukiwa na kitu kidogo sana, nikampelekea shangazi karatasi yangu nikiwa nimejaa majivuno. Dereva wake akaisoma akacheka, akaniambia, "Mwanangu, Jumamosi njoo upande."

Basi nikapanda. Harusi ilikuwa Watamu, kama kilomita 24 kutoka hapa. Jumamosi pikapu ikaenda na viti ikarudi tupu, Jumapili ikaenda tupu ikarudi na viti. Safari nne, mbili za kubeba upepo! Karibu kilomita 100, dizeli lita kumi hivi maana gari lenyewe limechoka, na lita moja ya dizeli ikiungua inatoa kama kilo 2.7 za hewa ukaa. Yaani kilo 27 kwa harusi moja. Harusi 19 tu za Watamu na moshi wa pikapu umeshaupita ule wa kutengeneza viti vyote 100, na mimi kwenye karatasi yangu nzuri pikapu sikuiandika kabisa.

Na si sisi peke yetu. Uchina kampuni ya Ofo, iliyoanzishwa 2014, ilileta baiskeli za manjano za kukodisha kwa simu, wenzake wakaingia, wakamwaga baiskeli kuliko watu wa kuzipanda, kufikia 2018 Ofo iko hoi na baiskeli zimerundikwa viwanjani kama taka. Baiskeli yenyewe haina moshi, lakini malori yalikuwa yanazunguka kuzipanga upya kila siku.

Jambo jingine ni nani anatengeneza kikiharibika. Angalia bodaboda ya hesabu, kijana anampelekea tajiri pesa kila jioni, oili ikiwa nyeusi kama lami yeye hana habari, pikipiki si yake, na tajiri haioni mchana. Inafuka moshi na inakufa mapema. Yule anayelipa kidogo kidogo mpaka iwe yake utamkuta Ijumaa anaiosha na kukaza nati mwenyewe. Kitu ni kilekile, ila mmoja ana uchungu nacho.

Shangazi naye ana uchungu na viti vyake. Mguu ukipasuka hakitupwi, anapasha msumari moto, anatoboa matundu pande zote mbili za ufa halafu anashona kwa waya, na kiti kinakalika tena hata na mtu mzito. Sasa ameweka viti 60 Watamu kwa mama mkwe wa binamu yangu, na vikipungua anaazima kwa mama mwengine wa kulekule ambaye walikuwa hata hawasalimiani. Vya shangazi vina doa la rangi ya kijani chini ya kalio, vya mwenzake jekundu, ili visichanganyike wakati wa kurudisha. Juzi nimehesabu, rundo la vya kijani lilikuwa na vyekundu vinne, na shangazi anasema hajui vimefikaje.