Rolls-Royce ya barabarani siyo Rolls-Royce ya angani

Dreamliner za Air Tanzania huruka kwa injini za Rolls-Royce, na nembo yake ni ile ile ya R mbili zilizopandana. Ndiyo maana utasikia watu wakisema: "Kumbe hawa wa magari ya matajiri ndio wanaotengeneza na injini za ndege!" Sivyo. Jina ni moja, kampuni ni mbili.

Zamani zilikuwa moja kweli. Charles Rolls na Henry Royce walikutana Manchester mwaka 1904, wakaanza na magari. Injini za ndege zilikuja wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kilichowatenganisha ni injini ya ndege iitwayo RB211. Gharama za kuiunda ziliwaelemea hadi kampuni ikafilisika Februari 1971. Serikali ya Uingereza ikaitaifisha, na mwaka 1973 upande wa magari ukatengwa ukajitegemea.

Kisa kitamu zaidi ni cha 1998. Volkswagen ililipa pauni milioni 430, ikapata kiwanda cha magari hayo kilichoko mji wa Crewe, mafundi wake, hata haki ya kile kisanamu cha mwanamke kinachokaa juu ya boneti. Jina halikuwemo! Lilikuwa mali ya kampuni ya injini za ndege, nayo ikawapa BMW kwa pauni milioni 40 tu. Tangu 2003 magari hayo yanaundwa na BMW huko Goodwood, kusini mwa Uingereza. Volkswagen ilibaki Crewe na magari ya Bentley.