Dalili si hakika

Wengi husikia "kuna dalili za mvua" wakaanua nguo, wakiamini dalili ni jambo lililokwisha kuamuliwa. Methali "dalili ya mvua ni mawingu" imechangia.

Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, lenye maana ya kiongozi wa njia au ushahidi. Hata leo, kwenye mijadala ya dini, mtu huambiwa "lete dalili". Dalili huelekeza, haiahidi. Homa ni dalili ya malaria, lakini pia ya maradhi mengine. Ndiyo maana hupimwa damu.

Jaribu mwenyewe: "Kuna dalili za mvua, lakini huenda isinyeshe." Sentensi imekaa. Sasa weka "hakika" badala ya "dalili". Inajipinga papo hapo. (Kuanua nguo, hata hivyo, si vibaya.)