Kukata mwimo wa mlango unapoweka sakafu: weka grenda pembeni

Tazama chini ya milango ya nyumba zilizobadilishwa sakafu hapa Dar es Salaam. Mara nyingi utakuta tailizi imekatwa vipembe-vipembe kuuzunguka mwimo (mbao ya wima ya pembeni mwa fremu ya mlango), na mianya imezibwa kwa simenti nyeupe. Baada ya muda simenti inabanduka, maji ya kudekia yanapenya, na mwimo unaanza kuoza kuanzia chini. Tunachowafundisha vijana chuoni ni kuuacha ukingo wa tailizi ulivyo na kuukata mwimo wenyewe kwa chini, ili tailizi au ubao wa laminati uingie chini yake.

Kazi hiyo ina msumeno wake wa umeme. Diski yake hulala sambamba na sakafu, ikitokeza mbele ya mashine, na kimo chake hupandishwa na kushushwa. Mafundi wachache mjini wanao. Wengi huchukua grenda, hutoa kava, hufunga diski ya mbao yenye meno, kisha hupiga magoti na kuanza kukata. Hili linaniumiza kila ninapoliona. Grenda ndogo ya inchi 4½ huzunguka takribani mara 11,000 kwa dakika, na imeundwa kwa ajili ya kusaga na kukata chuma au mawe. Meno yakiuma mninga au mkongo na kukwama, mashine huruka kabla mkono haujajua la kufanya. Fundi aliyepiga magoti ana paja, tumbo na uso hapo hapo karibu.

Kama huna msumeno wa miimo, tumia msumeno wa mkono. Laza kipande cha tailizi sakafuni, uso ukiangalia juu, na chini yake weka kadibodi yenye unene wa gundi utakayopaka. Laza msumeno juu ya kipande hicho, ukate taratibu. Mbao ngumu itakuchukua muda, na mwenye nyumba ampe fundi muda huo bila kumharakisha.

Mwenye msumeno wa umeme aanze na kipimo. Tailizi ya milimita 9 na gundi ya milimita 4 ni 13. Ongeza 1 ili ipite bila kusukumwa kwa nguvu. Rekebisha kimo plagi ikiwa imechomolewa. Ng'oa mlango kwenye bawaba kwanza: ukiyumba utakugonga mkono, na hata hivyo nao utahitaji kupunguzwa chini. Kisha chunguza mwimo. Fremu zetu nyingi zimeshikwa ukutani kwa misumari au vyuma vilivyozikwa ndani ya zege, na swichi ya taa huwa jirani na mlango, kwa hiyo ujue waya unapita wapi. Fremu ya chuma usiiguse kabisa kwa diski ya mbao.

Shika mashine kwa mikono miwili, kitako chake kikae sakafuni muda wote. Iache diski ifikie kasi yake kabla haijagusa mbao, na iingize polepole. Usiipindishe ikiwa ndani ya mkato, wala usiivute nje kabla haijasimama kabisa. Diski ya duara haifiki kwenye kona ya ndani, karibu na ukuta. Hapo malizia kwa patasi. Anayelazimisha kona kwa mashine ndiye anayegonga zege.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, zima swichi na chomoa plagi papo hapo. Usisubiri. Swichi ikibaki imewashwa, umeme ukirudi mashine nyingi hujiwasha zenyewe, labda wakati umeinama kusafisha vumbi la diski kwa vidole.

Vaa miwani ya kinga, viziba masikio na viatu vilivyofunika vidole, ndala hapana. Glovu pana na mikono mirefu ya shati huvutwa na diski. Vumbi la mbao linajulikana kusababisha saratani ya pua, na barakoa ya kitambaa hailizuii vya kutosha. Tafuta ya N95. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, basi wewe mkandarasi usimwachie kibarua wako ajinunulie. Watoto wa nyumba wasiwepo koridoni.

Akikatika mtu, bana jeraha kwa kitambaa safi na uinue mkono juu. Msitie kahawa wala majivu. Kidole kikitoka, kifungeni katika kitambaa safi chenye unyevu, mkitie ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha maji, kisha mfuko huo uwekwe juu ya barafu. Kidole chenyewe kisigusane na barafu. Mpelekeni majeruhi hospitali pamoja na kidole hicho, bila kupitia nyumbani. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, hutibu majeraha ya aina hii.