Bango la kuki sio linalokuchungulia

Juzi niko kwenye mwendokasi nimesimama, mkono mmoja bomba mwingine simu, nataka kusoma habari moja tu ya usajili, mara likaja bango likafunika nusu ya kioo, "tunatumia vidakuzi kuboresha huduma", kitufe cha kukubali kinang'aa kama chungwa la Muheza na cha kukataa hakionekani, nikabonyeza kubali kwa hasira. Jamaa wa pembeni akachungulia akaniambia "hapo ushaingiza kirusi bro". Aisee. Hizi stori za kuki, ndio hivyo vidakuzi, zimezidi, ngoja tuziweke sawa.

"Kuki ni kirusi." Hapana, ni kimaandishi kidogo tu tovuti inakiacha kwenye simu yako, hakina uwezo wa kujiendesha. Chukulia supamaketi, unaacha begi mlangoni unapewa kibao cha namba, yule dada sura yako hana habari nayo, anachojua ni namba. Tovuti nazo hazina kumbukumbu, ukifungua ukurasa mwingine ushakuwa mgeni upya. Ndio maana mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape, kampuni ya kivinjari cha enzi hizo, akaja na hii kitu, ili duka la mtandaoni lijue kapu lako lina nini, na bila kuki ungekuwa unalogini kila ukigusa kitu. Utata ni pale kampuni ya matangazo inapoweka watu wake kwenye milango ya maduka yote ya mjini na wote wanasoma kibao kilekile, yaani umeulizia friji Kariakoo, unafika Mwenge kununua kandambili wanakuita "bosi wa friji karibu". Hiyo ndio kuki ya mtu wa tatu, na hiyo ndio ya kuikasirikia.

"Sheria ya Wazungu ndio imelazimisha haya mabango." Hapa ndio watu wanapigwa kweli. Sheria za Umoja wa Ulaya, ile ya faragha ya mawasiliano ya 2002 iliyorekebishwa 2009, na GDPR, ile ya kulinda taarifa binafsi iliyoanza kutumika Mei 25, 2018, hazijasema mtu awekewe libango usoni. Zinasema ukitaka kuweka kitu kisicho cha lazima kwenye kifaa cha mtu, muombe kwanza, na kuki ya kapu au ya kulogini haiombewi ruhusa kabisa. Kwa hiyo tovuti isiyomfuatilia mtu haina haja ya kukusumbua. Wanaokusumbua wanataka kukufuatilia, halafu wanakuchosha makusudi ili ukubali yaishe, na sheria unaitukana wewe. Mwaka 2019 mahakama ya Ulaya ilisema kiboksi kilichotikiwa tayari sio ridhaa. Januari 2022 wakala wa Ufaransa wa kulinda taarifa binafsi, CNIL, akatangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook kwa sababu kukubali ilikuwa bonyezo moja na kukataa mpaka uzunguke. Sasa tovuti nyingi zinamwekea kila mtu bango hilohilo, ndio maana linakukuta mpaka Mbagala.

"Nikikataa haifunguki." Mara nyingi inafunguka vizuri tu. Kuna magazeti ya Ulaya yanasema kubali au lipia, hayo ni kweli yapo, ila mengine tafuta palipoandikwa "dhibiti" au "mipangilio". Humo uangalie na sehemu ya "maslahi halali", yaani pale wanapodai wanaweza kutumia taarifa zako bila kukuomba, huwa wanaacha swichi zimewashwa kimyakimya.

"Natumia inkognito mimi." Inkognito, ile hali ya siri ya kivinjari, inakuficha kwa anayeazima simu yako, basi. Tovuti inakuona, mtandao wako wa simu unaona umeenda wapi, na mwaka 2024 Google ilikubali kwenye kesi Marekani kufuta au kuondoa utambulisho kwenye mabilioni ya rekodi za watu waliodhani wamejificha humo.

Na wanaofuta kuki kila asubuhi halafu wanalalamika mabango hayaishi, jibu lako la "kataa" nalo lilihifadhiwa kwenye kuki, umelifuta mwenyewe! Bora uingie mipangilio ya Chrome uzuie za mtu wa tatu tu. Safari, kivinjari cha iPhone, inazizuia yenyewe tangu 2020.

"Ah, sina cha kuficha, na huku hakuna sheria." Kuna rafiki yangu aliandika namba kwenye kitabu cha wageni, geti la ofisi moja Posta, jioni akaanza kupokea "mambo mrembo" kutoka kwa mtu hamjui. Hakuwa na cha kuficha. Na sheria Tanzania ipo, ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 1, 2023, na kuna Tume unayoweza kuipelekea malalamiko.

Lile bango la juzi nimelirudia usiku nimetulia kwenye kochi, ilibidi nifute kuki za ile tovuti kwanza ndio likaja tena. Kukataa kulikuwa ndani kabisa, chini, maandishi ya kijivu. Nikakataa, ukurasa ukafunguka vilevile, na habari yenyewe ya usajili ilikuwa tetesi.