"Sijaiona" nayo ni data: namna mtu wa kawaida anavyoweza kuisaidia astronomia

Mwanaastronomia anayetaka kutumia darubini kubwa huandika maombi, husubiri miezi, na akibahatika hupewa saa chache. Nyota Mira huchukua siku 332 hivi kung'aa, kufifia na kung'aa tena. Hakuna kamati itakayompa mtu darubini kila wiki kwa miaka 40 ili aifuatilie nyota moja. Pengo hilo wamekuwa wakiliziba watu wenye kazi zao nyingine kabisa, na njia walizotumia ziko wazi kwa yeyote mwenye macho, simu au kompyuta.

Nitaanza na kazi ya macho matupu. Wengi huidharau, na ndiyo inayofundisha mengi kuliko zote.

Kupima nyota kwa jicho

Nyota badilifu ni nyota ambayo mwangaza wake hupanda na kushuka. Chama cha AAVSO kilichoanzishwa Marekani mwaka 1911 hukusanya makadirio ya nyota hizi kutoka duniani kote, na hifadhidata yake ina vipimo zaidi ya milioni 50. Kujiandikisha ni bure. Unapewa msimbo wako wa mtazamaji, kisha tovuti inakuchorea ramani ya nyota uliyoichagua, ikiwa imezungukwa na nyota za mlinganisho ambazo mwangaza wake unajulikana na haubadiliki.

Mwangaza hupimwa kwa magnitudi, na kipimo hiki kinakwenda kinyume na unavyotarajia: namba ikiwa ndogo, nyota inang'aa zaidi. Kwenye ramani, nyota ya magnitudi 5.8 imeandikwa 58. Nukta imeachwa makusudi, maana kwenye ramani iliyojaa vidoto nukta ya desimali ingeonekana kama nyota nyingine. Anayeanza mara nyingi huisoma 58 akashangaa.

Chukua Ibuti la Jauza, ile nyota nyekundu ya begani mwa Jabari (kundi la nyota la Orion) ambayo ramani nyingi huiita Betelgeuse. Haihitaji kifaa chochote. Tafuta jirani mmoja anayeizidi mwanga na mwingine anayezidiwa nayo. Mara nyingi Procyon (0.4) na Dabarani, yaani Aldebaran (0.9), hutosha. Sasa jiulize swali moja tu: katika safari ya kutoka 0.4 kwenda 0.9, Ibuti la Jauza imefika wapi? Ukiona imekwenda sehemu mbili kati ya tano, hesabu ni 0.4 + 0.2, yaani 0.6. Andika 0.6 na uishie hapo, kwa kuwa kwa jicho tunaandika desimali moja tu. Anayeandika 0.63 anajidanganya.

Mwisho wa 2019 na mwanzo wa 2020 nyota hii ilififia hadi karibu 1.6, ikakaribia kulingana na Bellatrix, bega la pili la Jabari. Mtu yeyote aliyekuwa na mazoea ya kuilinganisha na jirani zake aliliona hilo bila darubini.

Njia ni rahisi, ila kuna mitego, na karibu yote iko kwenye jicho lenyewe.

Kwanza, giza. Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea. Ukiitazama simu mara moja tu, umeanza upya. Tumia taa nyekundu iliyofifishwa.

Pili, wekundu. Ukiikodolea macho nyota nyekundu, inazidi kung'aa kadiri unavyoitazama, huku jirani yake nyeupe ikibaki vilevile. Dawa yake ni kutupa jicho kwa haraka: nyota, jirani, nyota, jirani, kisha amua. Ukitumia darubini ya macho mawili, unaweza kuharibu fokasi kidogo ili kila nyota iwe kiduara; viduara hulinganishwa kwa urahisi kuliko vidoto vikali.

Tatu, mkao. Nyota mbili zilizo sawa, moja ikiwa juu ya nyingine, jicho huweza kuipendelea moja, na kosa likafika nusu magnitudi. Inamisha kichwa mpaka mstari unaoziunganisha uwe sambamba na mstari wa macho yako mawili. Wapita njia watakushangaa. Waache.

Nne, urefu angani. Nyota iliyo nyuzi 10 tu juu ya upeo wa macho hupitia hewa nyingi mno, na inaweza kupoteza karibu magnitudi nzima ikilinganishwa na iliyo utosini. Kwa Ibuti la Jauza kosa hili ni la kawaida sana, kwa sababu nyota zake za mlinganisho ziko mbalimbali: Dabarani huwa imepanda Procyon ingali inachomoza. Subiri zote tatu ziwe juu.

Kosa la tano ni la akili. Kabla ya kutazama, usifungue grafu kuona wenzako waliandika ngapi jana. Ukishajua ni 0.7, utaona 0.7.

Kisha muda. Ripoti huandikwa kwa saa za dunia, UT, na hapa ndipo data nyingi nzuri huharibika. Saa mbili na dakika arobaini usiku tunayoitamka ni 20:40 kwenye simu. Kama saa zako ziko mbele ya UT kwa saa 3, hiyo ni 17:40 UT. Ukipima saa 01:30 baada ya usiku wa manane, UT ni 22:30 ya *tarehe iliyopita*. Sahau hilo, na kipimo chako kitakaa siku nzima mbele ya mahali pake. Kwa Mira siku moja si kitu. Kwa Algol, nyota ambayo hupatwa na nyota mwenzake kila baada ya siku 2.867 na kupatwa kote kunaisha ndani ya saa 10 hivi, kipimo cha namna hiyo ni takataka.

Ripoti iliyokamilika inatosha mstari mmoja: alf Ori (ndiyo Ibuti la Jauza), 2025 Januari 1, 17:40 UT, 0.6, milinganisho 4 na 9 (yaani 0.4 na 0.9), namba ya ramani, msimbo B. Namba ya ramani si urembo. Thamani za nyota za mlinganisho husahihishwa mara kwa mara, na bila namba hiyo hakuna atakayeweza kusahihisha kipimo chako miaka 30 baadaye. B maana yake anga lilikuwa na mwanga wa mwezi au wa mji. U ni mawingu, vumbi au moshi, Z ni shaka juu ya kipimo chenyewe. Watu huona haya kuweka Z. Mimi naiamini zaidi ripoti yenye Z mbili tatu kwa mwezi kuliko isiyo nayo hata moja.

Nyota za aina ya Mira zipime mara moja kwa wiki au siku kumi. Ukizipima kila usiku huongezi kitu ila kujichosha.

Pale usipoona kitu

Kuna nyota pacha ambamo kibete nyeupe (kiini kidogo, kizito cha nyota iliyokwisha) hunyonya gesi ya mwenzake, na mara kwa mara mfumo huo hung'aa ghafla, ndio uitwao mlipuko. Kati ya milipuko, nyota hizi ni hafifu mno kwa darubini ndogo. Unaelekeza darubini, unaliona eneo, nyota yenyewe haipo. Wengi hufunga daftari na kwenda kulala, na hapo wameitupa data.

Andika nyota ya mlinganisho iliyo hafifu kuliko zote ulizoziona kweli, kisha weka alama ya "<" mbele yake. <13.4 maana yake: saa hii, nyota ilikuwa hafifu kuliko 13.4. Ukiwa na mfululizo wa "<" na siku moja ikaja 12.1, unajua mlipuko ulianza kati ya saa ngapi na saa ngapi. Bila zile "<" unajua tu kwamba siku moja ilionekana.

Darubini ya anga ya Hubble imewahi kutegemea jambo hili. Ilipotumika kuchunguza kundi la nyota hizo kwa mwanga wa urujuanimno, mlipuko ungeweza kukiumiza kipokeo chake kwa wingi wa mwanga. Watazamaji wa AAVSO waliombwa kuzifuatilia kabla ya kila zamu, na neno lililohitajika zaidi lilikuwa "imetulia".

Leslie Peltier wa Ohio, mmoja wa watazamaji mashuhuri kuliko wote, aliifuatilia nyota T Coronae Borealis kwa miaka 25 akisubiri ilipuke kama ilivyolipuka 1866. Usiku mmoja wa Februari 1946 aliamka, akajihisi ana mafua, akarudi kitandani. Ndiyo siku iliyolipuka. Ila makadirio ya watu kama yeye katika miaka ya kabla ya hapo yanaonyesha nyota ilififia kwanza ndipo ikalipuka, na jambo hilo ndilo wataalamu wanalolitumia hadi leo.

Kazi ya kwenye skrini

Julai 2007 mradi wa Galaxy Zoo uliweka mtandaoni picha za galaksi karibu 900,000 na kuuliza: hii ni ya mikono inayojiviringisha, au ni duaradufu laini? Katika mwaka wa kwanza yalipokewa majibu zaidi ya milioni 50. Tovuti ya Zooniverse iliyozaliwa na mradi huo sasa ina miradi mingi ya anga, na unaweza kuanza bila hata kujisajili.

Watu huogopa kukosea. Picha moja hupitiwa na watu wengi, kwa hiyo kosa la mmoja humezwa. Hatari ni kosa ambalo wote hulifanya kuelekea upande mmoja. Galaxy Zoo walipata galaksi nyingi zaidi zinazoonekana kuzunguka kinyume cha mishale ya saa. Wakazigeuza picha kama kwenye kioo na kuzirudisha kwa watu walewale. Kama wingi ule ungekuwa wa galaksi zenyewe, ungehamia upande wa pili. Haukuhama. Ulikuwa kwenye macho ya binadamu.

Kwa hiyo jibu unachokiona, kwa kasi ya kawaida, na usizikwepe picha za ukungu ukisubiri nzuri. Ukizikwepa, wewe mwenyewe umekuwa chujio. Ukikuta kitu kisichofanana na chochote, kipeleke kwenye ukurasa wa majadiliano. Hanny van Arkel, mwalimu wa Uholanzi, aliuliza kuhusu doa la ajabu karibu na galaksi IC 2497. Lilikuwa wingu kubwa la gesi linalong'aa kwa nishati ya kiini cha galaksi hiyo ambacho sasa kimefifia sana. Swali lake lilikuwa fupi: hiki ni nini?

Kuwinda asteroidi

Hapa panahitaji kundi, kwa kawaida la shule au klabu, na kompyuta ya Windows. IASC, mpango wa kimataifa wa kutafuta asteroidi (miamba inayozunguka Jua), huendesha kampeni za wiki chache. Kundi hupewa seti za picha, nyingi zikitoka darubini ya Pan-STARRS iliyoko Hawaii, na kuzifungua kwa programu ya Astrometrica. Picha za eneo lilelile, zilizopigwa zikipishana kwa dakika kadhaa, huonyeshwa kwa zamu kama filamu fupi. Nyota zinatulia. Kidoto kinachoruka ndicho unachokitaka.

Ila vidoto vingi vinavyoruka ni vya uongo. Pikseli mbovu huonekana kali kama sindano, bila ukungu wa pembeni ulio kwenye nyota. Mionzi ya angani huacha alama kwenye picha moja na kutoweka. Asteroidi ya kweli huonekana kwenye picha zote, husogea kwa mstari mnyoofu, hatua zake ni sawa, na mwangaza wake haubadiliki ovyo. Kikiwa na hatua ndefu, fupi, ndefu, kiache. Linganisha pia na orodha ya zinazojulikana kabla ya kushangilia, kwani nyingi utakazoziona tayari zimeorodheshwa. Hata hizo zipime, maana mizunguko huboreshwa kwa vipimo vipya. Kitu kipya huhitaji kuonekana tena na wengine, na kupewa namba ya kudumu huchukua miaka kadhaa.

Sayari za mbali

Hapa ni sayari zinazozunguka nyota nyingine. Sayari kubwa kama Mshtarii (Jupita) ikipita mbele ya nyota kama Jua letu, hupunguza mwanga wake kwa asilimia 1 hivi. Jicho haliwezi kuona hilo. Kamera kwenye darubini ndogo inaweza. Mradi wa Exoplanet Watch wa NASA hukusanya vipimo hivi, na usiye na darubini hupewa picha zilizokwisha kupigwa uzichakate kwa programu yao, EXOTIC, ndani ya kivinjari.

Kwa nini wanahitaji vipimo vya upitaji (sayari kupita mbele ya nyota yake) uliokwisha kujulikana? Tuseme sayari huzunguka kwa siku 3, na kipindi hicho tumekikosea kwa sekunde 1. Baada ya miaka 10 imezunguka mara 1,217 hivi, na kosa limekua kufikia dakika 20. Darubini ya thamani kubwa angani ikielekezwa kwa hesabu ya zamani itapoteza sehemu ya upitaji. Kipimo chako kimoja hulirudisha kosa hilo karibu na sifuri.

Kinachoharibu zaidi ni kuchagua nyota ya mlinganisho ambayo nayo hubadilika, au picha ambazo nyota imejaza pikseli mpaka juu, zikashindwa kuhesabu mwanga zaidi. Pia anza kupiga picha walau nusu saa kabla ya upitaji na uendelee nusu saa baada yake. Bila vipande hivyo hujui mwanga wa kawaida ni upi. Grafu ikitoka bapa, kagua saa na jina la nyota, kisha itume hivyohivyo ilivyo.